DAFTARI LA WASANII: SAYANSI YA KUWAKUTANISHA WENYE VIPAJI WA BULYAGA

Mtu akisimama Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, asubuhi isiyo na ukungu, huuona Mlima Rungwe umeinuka upande wa kaskazini, na mbele yake mashamba ya chai na migomba yakiteremka kuelekea bonde la Ziwa Nyasa. Akiingia sokoni atakuta ndizi, viazi, maharage na kahawa. Atakuta pia vikapu na matenga ya mianzi, mikeka, na vyungu vilivyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya ziwa. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mtumbwi hadi pwani ya Matema, kisha hupandishwa milimani kwa gari. Mnunuzi akiuliza bei ya chungu ataambiwa mara moja. Akiuliza kilikotoka ataambiwa vilevile. Lakini akiuliza jina la mama aliyekifinyanga, muuzaji atatikisa kichwa.

Hali ni hiyohiyo kwa sanaa nyingine. Kamati ya harusi ikitaka wapiga ngoma, mwalimu akitaka fundi wa kuwafundisha wanafunzi kusuka mianzi, au mwandishi akitaka mtunzi wa mashairi kwa Kinyakyusa, kila mmoja huanza kuuliza majirani. Majirani wasipojua, safari huishia Mbeya mjini, umbali wa kilometa 70 hivi, na fedha hulipwa huko, ilhali msanii aliyetafutwa huenda anaishi mtaa wa pili.

Katika makala haya tutaeleza jinsi jamii ndogo kama ya Bulyaga inavyoweza kujitengenezea daftari la wasanii wake, likawekwa katika mtandao wa kompyuta na kusomwa na mtu yeyote, popote alipo. Tutaona kwamba kazi hiyo ina sayansi ndani yake: sayansi ya kupanga taarifa, ya kuzitafuta, na ya uhusiano kati ya mtu na mtu. Tutaona pia kwamba kompyuta peke yake haitoshi.

1. HASARA YA JINA LISILOANDIKWA

Mwaka 1879 msafiri wa Uskoti, Joseph Thomson, alipita katika nchi ya Wanyakyusa na baadaye akaandika kwa sifa kubwa juu ya unadhifu wa vijiji na uzuri wa nyumba zao. Baada yake walikuja wamisionari wa Kimoraviani, waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na baadaye wataalamu Godfrey Wilson na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao hapa kati ya miaka 1934 na 1938. Kwa muda mrefu sifa za kazi za mikono zilikwenda kwa kabila zima, si kwa fundi. Tulisoma kwamba Wanyakyusa hujenga vizuri na Wakisi hufinyanga vizuri, kana kwamba kabila lote lina mikono miwili tu.

Sanaa iliyo maarufu kuliko zote katika nchi yetu inatupa funzo jingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya mbao laini. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi. Mtindo wake haukufa kwa sababu alikuwa ameufundisha kwa vijana waliomzunguka, miongoni mwao January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Simon Mpata. Wanafunzi hao nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo walianzisha chama chao cha ushirika. Leo tunaweza kueleza nani alimfundisha nani kwa sababu majina yalitunzwa. Mtindo umeitwa kwa jina la mtu, na mtu huyo anajulikana.

Pale ambapo kumbukumbu haikuandikwa mapema, ugomvi huzaliwa. Wimbo wa “Malaika” umeimbwa duniani kote, na wanamuziki kama Miriam Makeba na kundi la Boney M. waliutia katika sahani zao. Rekodi iliyoutangaza Afrika Mashariki ilikuwa ya Fadhili William wa Kenya, lakini wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi wake ni Adam Salim wa Tanganyika. Kama siku ule wimbo ulipoimbwa mara ya kwanza mtu angaliandika katika daftari jina, mahali na tarehe, mabishano ya miaka mingi yangalipata shahidi.

Kwa hiyo daftari la wasanii lina faida mbili. Ya kwanza ni ya leo: mteja kumpata msanii. Ya pili ni ya kesho: mjukuu kujua kazi ilikuwa ya nani.

2. KADI MOJA YA MSANII

Kabla ya kugusa kompyuta, inafaa mtu achukue kadi ya karatasi na kujiuliza: ni mambo gani yanayotosha kumtambulisha msanii mmoja? Wataalamu wa taarifa huita kila jambo “uga”, na kadi nzima huiita “rekodi”. Kwa Bulyaga tunaweza kuanza na nyuga tisa:

(a) namba ya kadi;
(b) jina ambalo msanii mwenyewe anataka lijulikane;
(c) aina ya sanaa yake;
(d) kata na kijiji au mtaa;
(e) lugha anazotumia katika kazi;
(f) njia ya kumpata;
(g) mwaka alioanza kazi hiyo;
(h) aliyemfundisha;
(i) tarehe ambayo taarifa zilihakikiwa mara ya mwisho.

Msomaji ataona kwamba namba ya kadi imewekwa mbele ya jina. Sababu yake ni kwamba majina hayatoshi kutofautisha watu. Wanaweza kuwapo wapiga ngoma wawili wenye jina moja, na msanii mmoja anaweza kutumia jina la ubatizo kanisani na jina jingine jukwaani. Namba hupewa mtu mmoja tu, haibadiliki, wala hairithiwi na mwingine hata mwenyewe akifariki. Hivyo ndivyo mtihani wa taifa unavyomtambua mtahiniwa kwa namba yake.

Uga wa (h), yaani aliyemfundisha, unaonekana mdogo, lakini ndio wenye utajiri mkubwa kuliko zote. Ukizikusanya kadi za wafinyanzi na kuziunganisha kila moja na kadi ya mwalimu wake, utapata mchoro unaofanana na mti, wenye shina, matawi na vitawi. Tawi lenye mtu mmoja tu aliye hai, naye ni mzee asiye na mwanafunzi, ni dalili ya hatari. Ujuzi huo uko karibu kupotea, na jamii inajua ni mlango wa nani wa kubishwa kwanza.

3. TAABU YA HERUFI “M”

Njia ya kawaida ya kupanga daftari ni kufuata alfabeti ya majina ya ukoo. Katika nchi nyingi njia hii hufanya kazi vizuri. Ukiijaribu Rungwe utashangaa. Majina mengi ya koo za Kinyakyusa huanza kwa “Mwa-”: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakalinga, Mwandosya, na mengine yasiyohesabika. Tuchukue mfano wa daftari la wasanii 200. Ikiwa 150 kati yao wana majina ya namna hiyo, basi robo tatu ya daftari itakuwa chini ya herufi moja, na kurasa za herufi nyingine zitabaki karibu tupu. Herufi ya kwanza haimsaidii mtafutaji chochote.

Kanuni tunayojifunza hapa ni ya jumla: kigezo kizuri cha kupanga vitu ni kile kinachovigawa katika mafungu yanayokaribiana kwa ukubwa. Rungwe, basi, ni afadhali kupanga kwanza kwa aina ya sanaa, kisha kwa kata, na mwisho kwa jina la kwanza la mtu. Ni mfano mzuri wa jinsi chombo kilichobuniwa mahali pengine kisivyoweza kuletwa nyumbani bila kupimwa upya.

4. KOMPYUTA HUTAFUTAJE?

Sasa tuseme daftari limekua na kufikia kadi 1,000, zilizopangwa kwa utaratibu wa namba. Mtu asiyejua utaratibu ataanza kadi ya kwanza na kusoma moja baada ya nyingine. Kwa wastani atasoma kadi 500 kabla ya kuipata anayoitaka. Kompyuta hutumia njia ya kugawa nusu kwa nusu. Hufungua kadi ya katikati na kuuliza: namba ninayoitafuta ni kubwa au ndogo kuliko hii? Jibu likipatikana, nusu nzima ya daftari hutupwa. Zinabaki kadi 500, kisha 250, kisha 125, 63, 32, 16, 8, 4, 2, na hatimaye 1. Hatua kumi zimetosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi ni 1,024, nayo ni zaidi ya 1,000. Kwa kadi milioni moja zingehitajika hatua 20 tu. Wanafunzi wanaosoma logarithimu wataona hapa kwamba somo hilo si la kitabuni peke yake.

Lakini je, mtafutaji akikosea tahajia? Mmoja ataandika Mwakyusa, mwingine Mwakiusa. Kompyuta ni mtumishi mtiifu asiye na busara. Kwake hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Dawa ya tatizo hili ilitolewa mwaka 1965 na mwanahisabati wa Kirusi Vladimir Levenshtein. Alipendekeza kupima umbali kati ya maneno mawili kwa kuhesabu mabadiliko machache kabisa ya herufi yanayotosha kuligeuza neno moja kuwa jingine. Badiliko linaweza kuwa kuongeza herufi, kuiondoa, au kuiweka nyingine mahali pake. Kutoka Mwakyusa hadi Mwakiusa ni badiliko 1. Kutoka Mwaipopo hadi Mwaipaja ni mabadiliko 3. Kompyuta ikiamrishwa kuonyesha majina yote yaliyo umbali wa 1, itamleta Mwakyusa hata kama mtafutaji ameandika Mwakiusa.

Hata hivyo kanuni hiyo isitumiwe bila uangalifu. Kutoka Asha hadi Aisha ni badiliko 1 pia, nao ni watu wawili wenye majina mawili halali. Kwa hiyo kompyuta inaruhusiwa kupendekeza, lakini mtu ndiye anayeamua. Kamwe mashine isiachwe kuunganisha kadi mbili kwa kudhani kwamba ni za mtu mmoja.

5. MAJEDWALI MATATU

Kadi ikikaa peke yake ina upungufu. Msanii mmoja aweza kuimba katika kwaya, kupiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, na kuchonga mizinga ya ngoma nyumbani kwake. Kwaya moja nayo ina waimbaji thelathini. Tukiandika maelezo ya kwaya katika kadi ya kila mwimbaji tutayarudia mara thelathini, na siku kiongozi wa kwaya atakapobadilika itatupasa kusahihisha kadi thelathini. Tukisahau moja, daftari litasema uongo.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alieleza njia ya kuepuka kasoro hiyo. Kila aina ya kitu iwe na jedwali lake, na majedwali yaunganishwe kwa namba. Kwa daftari letu tutahitaji majedwali matatu. La kwanza ni la wasanii, la pili ni la vikundi. La tatu ni jembamba sana, lina safu mbili tu: namba ya msanii na namba ya kikundi. Mstari mmoja katika jedwali hilo humaanisha “msanii huyu ni mwanachama wa kikundi kile”. Msanii mwenye vikundi vitatu atakuwa na mistari mitatu, na maelezo ya kwaya yataandikwa mara moja tu, mahali pamoja.

Jambo hili lina maana maalumu kwa ngoma za jadi. Ngoma haina mtunzi mmoja. Ni mali ya kikundi na ya wazee waliotangulia. Daftari lenye safu ya jina la mtu peke yake lingelazimisha ngoma iandikwe kwa jina la kiongozi, na baada ya miaka ishirini watoto wake wangedai kuwa ni yake. Jedwali la vikundi huzuia dhuluma hiyo. Ndiyo maana tunasema kwamba muundo wa jedwali si suala la ufundi tu, bali ni suala la haki pia.

6. NGUVU YA WATU TUSIOONANA NAO MARA KWA MARA

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike, hali wasanii wa mji mdogo wanajuana? Jibu ni kwamba wanajuana kwa mafungu. Waimbaji wa kwaya moja wanajuana wote. Ikiwa wako 10, idadi ya jozi za watu wanaojuana ni 10 × 9 ÷ 2, yaani 45. Wasanii 40 wangeweza kuwa na jozi 780, na wasanii 100 jozi 4,950. Lakini kwa kweli jozi nyingi za aina hiyo hazipo: mwanakwaya hamjui mfinyanzi, na mfinyanzi hamjui mchoraji wa mabango.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha uchunguzi wa watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Ni asilimia 16.7 tu waliosema mara nyingi, asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, asilimia 27.8 walisema ni kwa nadra. Habari ya kazi, basi, kwa sehemu kubwa haikutoka kwa watu wanaoonana nao mara nyingi. Sababu yake yaeleweka: tunaoshinda nao kila siku wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo, ambaye mguu mmoja uko katika jamii nyingine.

Daftari la wasanii ni kiwanda cha uhusiano wa namna hiyo. Halichukui mahali pa urafiki. Linamwezesha mkurugenzi wa shule ya Kyela, mwenye hoteli wa Mbeya, au Mtanzania anayeishi ughaibuni, kumfikia fundi wa Bulyaga ambaye hakuwa na jirani wa kumtaja.

7. SIMU NDOGO NA SIMU KUBWA

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipopita chini ya bahari na kufika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuelekea mikoani, njia ya taarifa ilipanuka sana. Lakini si kila msanii ana simu yenye kuonyesha picha. Daftari lililo bora lazima litumikie pia simu ndogo ya vitufe.

Ujumbe mmoja mfupi wa simu huchukua herufi 160. Idadi hiyo haikutokea kwa bahati. Ujumbe umetengewa baiti 140, na kila baiti ina biti 8, jumla biti 1,120. Kila herufi katika mfumo huo huhifadhiwa kwa biti 7, na 1,120 ikigawanywa kwa 7 ni 160. Katika herufi hizo aina ya sanaa, jina, kata na namba ya simu huenea bila taabu. Mtu akituma neno “ngoma” na jina la kata, angeweza kujibiwa kwa ujumbe mmoja au miwili.

Picha ni habari nyingine. Tuseme maandishi ya kadi moja huchukua baiti 500. Wasanii 1,000 watahitaji baiti 500,000, yaani nusu ya megabaiti. Picha moja tu iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 2, mara nne ya maandishi ya daftari zima! Kwa njia yenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo itachukua sekunde 16 kufika, na mtazamaji atalipia kila megabaiti kutoka mfukoni mwake. Hekima ni kuyatanguliza maandishi, kuipunguza picha hadi sehemu ya ishirini ya ukubwa wake, na kuacha picha kubwa ifunguliwe na anayeitaka tu.

8. DAFTARI HUFAJE?

Madaftari mengi ya namna hii huanza kwa shangwe na kufa kimyakimya. Chanzo si mashine kuharibika, bali taarifa kuchakaa. Watu huhama, hubadili namba za simu, huacha sanaa, hufariki. Tuchukue mfano kwamba kila mwaka kadi 20 katika kila 100 hupoteza ukweli wake. Baada ya mwaka mmoja zimebaki 80 zilizo sahihi; baada ya miaka miwili 64; baada ya mitatu 51. Mteja anayepiga simu mara mbili na kukuta haipatikani hataipiga mara ya tatu, wala hatarudi kwenye daftari hilo.

Kuchakaa huku hakuzuiliwi na kompyuta, bali huzuiliwa na jamii. Kila kadi iwe na tarehe ya kuhakikiwa, na kila kata iwe na mtu aliyechaguliwa na wasanii wenyewe, ambaye angalau mara mbili kwa mwaka atapita na kuuliza: je, uko palepale? Mwanauchumi Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alichunguza jinsi wanakijiji wa nchi mbalimbali walivyotunza misitu, malisho na mifereji yao ya pamoja. Aliona kwamba mali ya wote hudumu pale ambapo mipaka ya wanaohusika inajulikana, watumiaji wenyewe hushiriki kutunga sheria, wapo wasimamizi wanaowajibika kwao, na adhabu huanza ndogo kisha huongezeka. Daftari ni mali ya namna hiyo. Halina budi kuwa na kanuni za nani aandikwe, nani arekebishe, na ugomvi uamuliwe wapi.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na mila ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao pamoja, na Monica Wilson alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 thamani waliyoiita ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza kwa adabu. Vijiji vya rika vimepita, lakini maana yake ni hai. Jamii ya wasanii inayokutana uso kwa uso mara moja kwa mwezi, hata chini ya mti au katika chumba cha darasa, italitunza daftari. Watu wasiokutana kamwe wataliacha life.

9. HAKI NA TAHADHARI

Daftari linaloweza kusomwa na dunia nzima laweza pia kusomwa na tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zilindwe. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba msanii aelezwe kwanza kadi yake itasomwa na nani, atoe ridhaa yake, na awe na uwezo wa kusahihisha au kuomba aondolewe. Si lazima namba ya simu ya kila mtu itangazwe. Yaweza kutajwa namba ya kikundi au ya msimamizi. Picha za watoto wanaocheza ngoma zisiwekwe bila idhini ya wazazi wao.

Yafaa pia kutofautisha daftari hili na orodha za Serikali. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, nalo ndilo lenye mamlaka ya kusajili wasanii. Mambo ya hakimiliki yanaongozwa na sheria ya mwaka 1999, ambayo humlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na husimamiwa na COSOTA. Daftari la jamii halichukui nafasi ya vyombo hivyo. Ni daraja la kuvifikia, na kadi yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi mzuri siku kazi ya mtu itakapoigwa. Ni vema afisa utamaduni wa halmashauri ashirikishwe tangu mwanzo.

10. KAZI KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Shule ya sekondari inaweza kuianza kazi hii bila kompyuta hata moja. Tunapendekeza hatua zifuatazo:

(i) Kila mwanafunzi amtembelee msanii mmoja wa mtaa wake, baada ya kuomba ruhusa. Amwamkie kwa heshima ya mahali, “Mugonile”, aeleze nia yake, kisha ajaze kadi yenye nyuga tisa. Asiahidi fedha wala umaarufu.

(ii) Darasa lipange kadi zote kwa alfabeti ya majina ya ukoo, lihesabu ngapi zimeangukia herufi M, kisha lizipange kwa aina ya sanaa na kulinganisha mafungu.

(iii) Mwalimu wa hisabati awashindanishe wanafunzi wawili kuitafuta kadi moja kati ya 64: mmoja kwa kusoma moja baada ya nyingine, mwingine kwa kugawa nusu kwa nusu. Hatua zihesabiwe.

(iv) Wachore mti wa walimu na wanafunzi wa sanaa moja, na kutia alama penye tawi lililobaki na mtu mmoja.

(v) Baada ya miezi sita, warudi kwa wasanii walewale na kuhesabu kadi zilizochakaa. Kutokana na hesabu hiyo wakisie daftari lao litakuwa na hali gani baada ya miaka mitatu lisipotunzwa.

Kadi hizo zikishathibitishwa, kuziingiza katika kompyuta ni kazi ya siku chache, na kuziweka mtandaoni ni kazi ya siku nyingine chache. Sehemu ngumu itakuwa imekwisha kufanywa kwa miguu na kwa mazungumzo.

Turudi basi sokoni Tukuyu. Chungu kilekile kimewekwa chini, na mnunuzi anauliza kimefinyangwa na nani. Kama chini ya kitako chake pangekuwa na namba ndogo iliyokwaruzwa kabla ya kuchomwa, na namba hiyo ingekuwapo katika daftari, muuzaji angeweza kumtaja mama huyo, kijiji chake, na aliyemfundisha. Bei ya chungu huenda ingepanda kidogo au isipande. Lakini mama wa Ikombe angejulikana kwa jina lake, na binti anayejifunza kwake angekuwa na sababu moja zaidi ya kuendelea.